Gari Lililonunuliwa Nyuma ya Pazia

Mimi nilimwita Jirani, naye aliniita Jirani, na miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta pale Kismayo hatukuitana vingine. Mtaani kulikuwa na wanawake wengi, na kila mmoja ni jirani wa mwenzake, lakini neno hilo likiitwa kwa nguvu juu ya ukuta wa uani, watu walijua nani anaita na nani anaitwa. Mimi nilitoka kisiwa cha Fuma, nimeletwa mjini na mume wangu, fundi wa mashua. Yeye alitoka Chovae, kisiwa kingine cha kwetu. Nchi ilikuwa chini ya Mtaliana wakati huo, na sisi wanawake wa mtaa ule tulimwona Mtaliana kwa mbali tu, akipita na kofia yake kwenda bandarini, mpaka mwaka ule mmoja wao alipokuja kukaa mlangoni kwa Jirani akitoka jasho.

Nitafika huko. Kwanza nataka mumjue alivyokuwa.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake, hata akiwa anakuja kwangu kuomba kaa la moto. Kununua kitu kwa bei ya kwanza aliyotajiwa kwake ilikuwa aibu. Mama wa Kisomali aliyetuletea maziwa ya ngamia asubuhi alivuta pumzi kabla ya kubisha mlango ule. Walibishana kila siku, na walibishana kwa Kisomali, maana Jirani alisema Kiswahili kina adabu nyingi mno kwa biashara. Atasema maziwa yana maji, yananuka moshi, ngamia mwenyewe mzee. Yule mama atajibu kwamba mwenye mdomo kama huo anywe chai kavu. Bei itashuka kidogo, kisha wote wawili watakaa kizingitini wanywe hiyo chai pamoja, na yule mama akiondoka atakuwa amefungiwa kipande cha mkate wa mofa ambacho thamani yake inapita kile kidogo alichopunguza.

Siku moja nilimwuliza faida yenyewe iko wapi. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini anapumua.

"Mchu akikutajia bei," alisema, kwa lafudhi yetu ya visiwani, ambako mtu ni mchu, "amekwambia anakuona wewe nani. Sasa unyamaze?"

Kwenye bei alidanganya bila haya. Binti zake wawili waliugua mara nyingi zaidi mbele ya muuza leso kuliko walivyowahi kuugua kitandani. Lakini nje ya bei hakusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mtu. Nilipokuwa bibi harusi mgeni nilimpelekea sahani ya wali wa nazi, wa kwanza kuupika katika nyumba yangu. Aliumaliza, akairudisha sahani imeoshwa, akaniambia kwamba umeungua chini na chumvi imepotea njia. Nililia. Kesho yake alikuja jikoni kwangu, hakuomba radhi wala hakutaja machozi, akachuchumaa kando ya meko akanionyesha namna ya kuondoa kuni moja kabla maji hayajakauka. Mpaka leo napika hivyo.

Kushukuriwa hakukupenda. Ukimshukuru alikuuliza kama umemaliza kazi zako. Maji ya visima vya Kismayo hakuyapenda pia, alisema yana ladha ya senti, na kila siku alikisifia kisiwa chao: maji yake, pweza wake, upepo wake, watu wake wasiofunga milango. Lakini alipopata safari ya kwenda kumwona mama yake alikaa siku chache tu, akarudi na kapu la kamba wakavu, akalalamika kwamba kule hakuna cha kununua. Nadhani aliupenda mji huu kuliko alivyotaka tujue. Alipenda soko. Alipenda kuingia mahali watu hawamjui na kutoka wakiwa wanamjua.

Mumewe alikuwa kinyume chake, mtu mwembamba, mpole, wa maneno machache. Alikuwa mchuuzi wa papa mkavu na samaki wa chumvi. Alinunua kwa wavuvi wa Burgao, akapakia mzigo kwenye malori ya watu, na wenye malori walimtoza nauli mpaka kilichobaki hakikumtosha yeye wala wavuvi wake. Ndipo likaja wazo la kununua gari lao wenyewe, gari dogo la mizigo, jipya, kutoka kwa Mtaliana aliyekuwa na banda la magari kwenye njia ya bandarini. Mtaani watu walisema ni wazo la mume. Mimi nilisikia ya ukutani na sikuwa na hakika.

Kwa sababu kununua kwenyewe alikununua mke. Yule bwana alikwenda bandani asubuhi na maneno ya mkewe mdomoni, akarudi adhuhuri na maneno ya Mtaliana, na chakula kikiwa mezani wakayapima. Nilikuwa nikisikia sauti ya Jirani: mwambie hivi, usimwambie hivi, akikupa kahawa kunywa lakini usikae. Miezi ilipita hivyo. Mwishowe walikubaliana bei, na gari likaagizwa kwa meli. Arubuni, yale malipo ya kwanza, ilitoka kwa Jirani. Aliuza mikufu yake na bangili za mama yake kwa sonara, na siku ile alirudi nyumbani na shingo tupu, akapika kama kawaida.

Gari lilishuka. Wiki ile ile ya kwenda kulichukua, bwana alipatwa na homa, na homa haikumwachia.

Baada ya maziko Jirani aliingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura kubwa, hajipambi, hajitii manukato, havai cha rangi. Alivaa leso nyeupe na akakaa chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani ulioning'inizwa pazia na dirisha moja la mbao linalotazama njia. Mimi nilishinda naye kadiri nilivyoweza. Sikuwahi kumwona mtu aliyepata shida ya kukaa kama yeye. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Alisikiliza mama wa maziwa akiongea na binti yake mkubwa mlangoni, na binti akikubali bei bila kusema kitu, akafumba macho kama mtu aliyebanwa kidole.

Haikupita muda, karani wa yule Mtaliana alikuja. Alikuwa mtu wa Barawa, mstaarabu, na alisimama nje ya pazia akatoa rambirambi kabla ya kutaja kilichomleta. Tajiri wake alisema hivi. Gari limekaa bandani linangoja. Gharama zimepanda, kwa hiyo bei ile ya zamani haipo tena, kuna bei mpya. Na kuna mzungu mwenzake, mwenye shamba la ndizi kule Jilib, analitaka. Mwenye arubuni asipomaliza mapatano upesi, gari litakwenda Jilib, na arubuni hairudi, ndiyo kanuni ya tajiri.

Siku ya pili yake akaja shemeji, kaka wa marehemu. Huyu alikuwa na duka la nafaka na nyumba ya mawe mtaa wa pili, mtu anayeheshimiwa, na kisheria alikuwa na fungu lake katika mirathi kwa sababu marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Alisema shemeji yake asijisumbue. Yeye atakwenda kwa Mtaliana, atapatana, na gari litaandikwa jina lake kwa sababu ni lazima liandikwe jina la mtu, na mambo mengine ni ya ndani ya familia.

Alipoondoka, Jirani alizikunja upya zile nguo. Kisha akanieleza mambo yalivyo, polepole, kama anayejieleza mwenyewe. Akimwachia shemeji, gari limekwenda, na dhahabu imekwenda nalo. Akitoka mwenyewe kwenda bandani kubishana na mzungu, kaburi la mumewe bado halijakauka, mji mzima utamla, na binti zake hawatapata wa kuwaoa. Akikaa kimya, Jilib.

"Kila mlango una mchu amesimama," alisema.

Alichokifanya ni kumtuma mume wangu. Alimpa ujumbe wa maneno machache ampelekee Mtaliana, akamrudisha aukariri mara mbili mbele ya pazia ili asiutie maji: kwamba mwenye arubuni yuko hai, amekaa eda, na baraza yake ina kiti. Akitaka kuuza, aje. Asipotaka kuuza, aje vilevile, airudishe.

Sikuamini kwamba atakuja. Alikuja, tena alilileta gari lenyewe. Bila shaka alidhani mwanamke akiliona atalegea. Tulisikia mngurumo, kisha kelele za watoto, kisha likazimwa mbele ya mlango. Jirani alikwenda dirishani akachungulia kwenye upenyo wa mbao. Lilikuwa la kijani kibichi, na vioo vyake viliwaka kwa jua hata chumba chetu kikapata mwanga darini. Alilitazama kwa muda. Kisha akaufunga ule upenyo, akaja kukaa kwenye mkeka karibu na pazia, akaniashiria nikae ubavuni mwake.

Kiti cha mgeni alikuwa amekiweka mwenyewe alfajiri, upande wa baraza unaopigwa na jua kabla ya adhuhuri. Alimtolea kahawa ya tangawizi na kaimati, kwa heshima zote. Mtaliana alikunywa na kuvuja jasho. Mimi nilimwona kwa ubavu wa pazia: mtu wa makamo, mwenye masharubu ya kahawia na viatu vyeupe, aliyemwita Jirani "Sinyora", bibi kwa Kitaliana, kila alipoanza kusema. Karani wa Barawa alisimama kati ya kiti na pazia, akigeuza maneno huku na huku.

Mtaliana alianza na gharama za meli na ushuru. Jirani alimwacha amalize.

"Mwambie gari ni hili hili lililoshuka mume wangu akiwa hai," alisema. "Halikupanda meli mara ya pili."

Karani aligeuza. Mtaliana akataja mwenye shamba wa Jilib. Jirani akasema vizuri, Jilib ni mbali na barabara ni ya matope, gari jipya litapendeza huko, amuuzie leo, na arubuni airudishe leo. Mtaliana akasema arubuni hairudi. Hapo nilidhani yamekwisha, maana kwa kweli hakuwa na namna ya kumlazimisha.

Lakini Jirani hakusema na Mtaliana tena. Alisema na karani. Aliteremsha sauti, akamwita mwanangu, ingawa hawakupishana sana umri.

"Mwanangu, wewe ni Mwislamu. Hizi pesa ni za yatima wawili, wako humu ndani, wanakusikia. Tajiri wako hajui kula mali ya yatima ni nini. Wewe unajua. Basi mgeuzie neno hilo kama ulivyofundishwa, mimi sina zaidi."

Karani aligeuka akamkabili tajiri wake. Kisha akazungumza Kitaliana, na alizungumza maneno mengi kuliko aliyopewa. Mtaliana alimkatiza, karani akaendelea. Baadaye sana alimwambia mume wangu msikitini alichokisema: kwamba katika mji huu, ikisikika tajiri amekula mali ya yatima, hakuna mtu atakayenunua kwake hata msumari, na yeye karani ataomba ruhusa aache kazi. Sijui lililomgusa Mtaliana lilikuwa lipi, la wateja au la karani, kwa sababu karani wa lugha zote hizo hakuwa rahisi kumpata. Alivua kofia, akajipangusa, akaitaja tena ile bei ya zamani.

Mwingine angeishia hapo. Jirani alimwambia karani kwamba gari limekaa bandani siku zote hizi karibu na bahari, na chuma kinajua bahari, kwa hiyo bei ya zamani ishuke. Walibishana mpaka jua likahama kwenye kiti chake. Ikashuka, kidogo tu, lakini ikashuka. Mimi nilikuwa nimejishika mdomo na leso nisicheke kwa furaha. Binti zake walikuwa wanakumbatiana nyuma yetu.

Ndipo Mtaliana, akiwa ameshasimama, akasema neno la mwisho, na nadhani alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaja jambo dogo. Salio lingelipwa kwa awamu. Yeye hauzi kwa awamu ila mwanamume mwenye mali atie sahihi ya dhamana.

Jirani alimtaja mume wangu. Mtaliana alikwisha kumwona: fundi wa ujira, hana nyumba wala duka. Alikataa. Akamtaja mjomba wake wa Chovae. Mtaliana akauliza huyo ana nini cha kuandikwa. Alikuwa na mtumbwi. Hapakuwa na wa tatu, na kila aliyekuwa pale alijua nani pekee mwenye duka na nyumba ya mawe. Nje waliondoka na gari, na chumba kikarudi gizani.

Shemeji alikuja bila kuitwa. Habari zilikuwa zimemfika. Alimsifu kwa bei aliyoipata, akasema hata yeye asingeiweza, na alisema kweli. Sahihi yake ipo tayari, alisema. Hadai kitu.

"Eda ikiisha, shemeji," alisema, "tutazungumza kama wachu wa nyumba moja."

"Sema sasa unachotaka," Jirani akamwambia.

"Sasa dini hairuhusu," alijibu, na alikuwa sahihi. Mwanamke aliye katika eda haposwi.

Alikwenda zake. Jirani alibaki amelitazama pazia.

"Umeona, Jirani?" aliniambia. "Amenitajia bei, na dini imenizuia kuijibu."

Hizo ndizo siku zilizomkondesha, si za msiba. Gari lilichukuliwa kwa sahihi ya shemeji, likaanza safari za Burgao, mzigo ukaja na pesa zikaja, na yeye amekaa kwenye mkeka akilisikia likipita, akijua nini kinamngoja mwisho wa miezi ile. Kukataa angeweza, hakuna aliyemfunga kamba. Lakini sahihi ikiondolewa, Mtaliana atalichukua gari na vyote vilivyokwisha kulipwa. Alizunguka ndani ya jambo hilo kama alivyozunguka ndani ya chumba.

Eda ilipoisha alioga, akajifukiza udi, na shemeji akatuma wazee. Jirani aliwapa masharti yake kwa mdomo wangu. Atakaa nyumba yake mwenyewe, hatahamia kwa mke mkubwa wa shemeji. Binti zake hawataozwa bila kauli yake. Dereva atamchagua yeye. Pesa za gari zitafika mkononi mwake kwanza. Nilirudi nikamwambia kwamba shemeji amekubali yote.

"Yote? Hakubishana hata moja?"

"Hata moja."

Aliketi kitandani. Alikuwa anajua mnunuzi asiyebishana ni mtu wa namna gani.

Wakaoana, na sitaki kumsingizia huyu mume mpya. Hakumpiga, hakumnyima chakula, na ahadi ya binti aliitimiza. Wote wawili waliolewa pazuri, mama yao akiwa ameridhika. Zile nyingine zilikwenda moja moja. Dereva wa kwanza aliachishwa, akaja wa kwake. Pesa zilianza kupita dukani kwanza, kwa sababu duka liko njiani. Na kutoka nje kulikwisha. Alisema mke wa mwenye gari haendi sokoni, watu watamwona yeye mume ni mtu wa namna gani. Vitu vililetwa nyumbani, vimeshanunuliwa, vimeshapatanwa. Maziwa yalikuwa ya mwezi kwa mwezi, kwa mtu mwingine. Yule mama wa Kisomali alipita akaja kwangu, akauliza kama mwenzake ni mgonjwa.

Tuliongea ukutani. Mimi nilipanda juu ya kinu nilichokigeuza, yeye juu ya kigoda, tukaonana macho na paji la uso. Aliniuliza bei za sokoni. Nilipomwambia nimenunua samaki changu kwa kiasi fulani alikasirika kweli, akanifundisha la kumwambia muuzaji kesho, na kesho yake alingoja nirudi nimwambie muuzaji alijibu nini. Kuna wakati nilibuni majibu, ili apate la kujibu.

Siku moja nilimwambia, kwa kumtuliza, kwamba alishakaa eda akaiweza, na hili nalo ataliweza.

"Eda ilikuwa na mwisho," alisema, akashuka kwenye kigoda.

Kisha mama yake akafa Chovae. Habari ilikuja na wavuvi asubuhi kwamba mama mahututi anamtaka. Mashua ilikuwepo, mume wangu alikuwa tayari kumsindikiza, na bahari ilikuwa shwari. Yule bwana hakukataa. Alisema angoje yeye afunge hesabu za duka ampeleke mwenyewe, isionekane mkewe anasafirishwa na majirani. Jirani alingoja. Walipofika Chovae udongo ulikuwa umeshasawazishwa.

Aliporudi, Jirani hakulia mbele yangu. Alipika, alifua, alijibu alipoulizwa. Baada ya muda akavaa buibui, akafungua mlango wa mbele mchana kweupe, akatoka. Alikwenda kwa kadhi. Mimi nilimfuata mbio nikiwa na unga mikononi, nikasimama naye, na ndiyo maana nayajua yaliyosemwa.

Aliomba kujikomboa, ile talaka ambayo mke huinunua kwa mume. Yule bwana aliitwa, akafika akihema. Kadhi, mzee mtaratibu, alimwuliza Jirani atatoa nini. Alisema atatoa gari, haki yake yote iliyo ndani yake, na dhahabu iliyoingia, na madai yake ya nyuma yote.

Kadhi alimtazama. Alimwambia hilo ni kubwa mno, sheria haimtaki mwanamke ajivue nguo. Ataje dogo, na yeye kadhi atamsaidia.

"Simtaki anijibu," Jirani alisema. "Nikitaja dogo atajibu."

Kadhi alimgeukia mume. Yule bwana alifungua mdomo, na mimi niliona kwamba kwa kweli hakutaka kumwacha. Nadhani kwa namna yake alimpenda, tangu zamani. Lakini gari lote lilikuwa limewekwa mbele yake. Alitazama chini. Akatamka talaka.

Wiki ile Jirani alihamia Chovae kwa binti yake mdogo, aliyeolewa huko. Hatukuagana vizuri, mashua ilikuwa inaondoka, yeye ana mafurushi, mimi nina mtoto mgongoni.

Ilipita miaka mingi. Mtaliana alishakwenda kwao, bendera nyingine inapepea bandarini, na yule bwana alishazikwa. Nilikwenda Chovae kwenye harusi ya ndugu wa mume wangu, na asubuhi ya kuondoka nikaulizia nyumba yake. Nilimkuta kivulini nyuma ya nyumba akiparua samaki, amekuwa mdogo, mabega yameshuka. Alinitambua kabla sijasema. Aliniita Jirani, akanisogezea kigogo nikae.

Tuliongea ya binti, ya wajukuu, ya waliokufa. Gari hakulitaja, nami sikutaka kulitaja, lakini mwishowe mimi ndiye niliyesema kwamba mume wangu aliliona Burgao, limeachwa nje ya mji, halina magurudumu, kuku wanatagia ndani. Nilisema nikidhani atacheka, au atafurahi.

Aliweka kisu chini.

"Lilikuwa zuri," alisema. "Siku ile alipolileta mlangoni. Lile wazo lilikuwa langu, Jirani, tangu mwanzo. Marehemu alinifuata tu. Nilitaka nipande mbele, niende nalo mpaka Burgao mwenyewe, nishuke, wavuvi wanione, nipatane nao uso kwa uso." Alimgeuza samaki upande wa pili. "Sikulipanda hata siku moja. Kwanza nilikuwa na eda, kisha nilikuwa na mume."

Kutoka ufukweni waliniita, mashua yangu inataka kuondoka kabla maji hayajapwa. Aliniuliza kama nina haraka. Nikasimama, nikamwambia wananingoja.

"Basi nenda," alisema, na akanishika mkono kwa mkono wake wenye magamba ya samaki. Waliita tena. Hakuuachia. Mimi nilikaa tena kwenye kile kigogo, nikamwambia mjukuu wake akimbie akawaambie waondoke.